Mkono wa Mpishi wa Lutuku

Gunia la mahindi ni mzigo mchungu kwa mtu wa Punia, mkoani Maniema, Kongo. Ukitaka kulifikisha Kindu, makao makuu ya mkoa, unalifunga kwenye baiskeli ambayo utaisukuma zaidi ya kuipanda, unapita matope ya msituni na madaraja ya magogo, na kwenye kila kizuizi kuna mkono unaosubiri chake. Bei utakayopewa sokoni itakufanya ujute ulikotoka. Mahindi hayohayo yakipikwa lutuku, pombe kali ya kwetu, yanaingia kwenye bidoni moja. Hayaoti ukungu, hayaliwi na fukusi, na mnunuzi huna haja ya kumfuata Kindu: yupo jirani, yupo kwenye machimbo ya kasiterite, yale mawe ya bati, na jioni atakuja mwenyewe.

Kupika pombe kali, kabla hakujawa starehe, kulikuwa njia ya kufupisha mzigo. Wenye mashamba ya miwa katika visiwa vya Karibi waliligundua hilo karne ya 17. Viwanda vyao vya sukari vilikuwa vikibakiwa na molasi, ule uji mweusi mzito unaosalia sukari ikishaganda, wasijue wauweke wapi. Watumwa waliotolewa Afrika, wengine wao Kongo, ndio waliokuwa wakichemsha, wakichota na kuungua. Molasi ikachachuka, ikapikwa, ikawa rumu. Hati ya zamani ya mtambo wa Mount Gay, kisiwani Barbados, ni ya mwaka 1703. Appleton ya Jamaika inahesabu kuanzia 1749. Leo chupa ya miaka 12 au 21 kutoka huko huwekwa ndani ya kasha, kasha ndani ya kabati la kioo, na watu waliovaa suti huizungusha kwenye glasi na kuijadili kwa saa nzima.

Lutuku haina kabati la kioo. Inajadiliwa na polisi, na wahubiri, na wake za wachimbaji, na wote hao wana sababu. Imevunja nyumba nyingi Maniema, na anayeisifu bila kulisema hilo ama anadanganya ama amekwisha kulewa. Lakini katika lawama hizo kuna jambo linalopotea. Lutuku njema ni kazi ya fundi, na ufundi wake haupungui ule wa Jamaika.

Fundi ninayemsifu hapa ni mama mmoja wa Punia. Jina lake naliacha, kwa kuwa sheria ya nchi bado haimtambui kuwa fundi wa kitu chochote. Ana shamba la mihogo, ana watoto wa sekondari wanaodaiwa minervali, yaani ada ya shule, na nyuma ya jiko lake kuna pipa la chuma lililokuwa la mafuta, likasuguliwa kwa majivu na mchanga na kuchemshiwa maji mara nyingi mpaka harufu ya mazutu ikahama.

Kazi yake haianzii motoni. Inaanzia kwenye kimea. Mahindi hulowekwa, hutiwa kwenye gunia, hufunikwa majani ya mgomba na kuachwa mahali penye giza mpaka yachipue. Kila asubuhi anafunua, anachukua punje chache kiganjani, anazitazama, anaitafuna moja. Chipukizi kikiwa kifupi mno, punje bado ni ngumu na haina utamu. Kikirefuka kupita kiasi, mche umeshaula ule utamu aliokuwa akiungoja. Kati ya hali hizo mbili kuna siku moja, pengine nusu siku, na mama huyu haikosi. Wataalamu wataeleza kwamba punje inapochipua hutengeneza vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari, na kwamba bila hivyo chachu haina cha kula. Yeye husema tu kwamba mahindi yameamka.

Kimea hukaushwa, na hapo ndipo lutuku yake inapopata sura yake. Punia ni nchi ya mvua. Jua haliaminiki hata kwa nguo, sembuse kwa mahindi. Kwa hiyo anakianika kwenye uchanja juu ya meko, katika moshi uleule unaokausha samaki. Huko Scotland, kisiwani Islay, shayiri hukaushwa kwa moshi wa mboji, na kwa ajili ya moshi huo watu hulipa fedha nyingi. Moshi wa Punia hakuna anayeulipia, lakini upo: utaukuta mwishoni kabisa, mate yakishapoa.

Mihogo nayo huvundikwa majini, hukaushwa, husagwa na kupikwa uji mzito. Uji ukitoka motoni hauchanganywi hapohapo na kimea, kwa maana moto mkali hukiua kile kilichoamka. Mama anauacha, anaendelea na mambo yake, anarudi kuweka kiganja ubavuni mwa sufuria, anaondoka tena. Hana kipimajoto na sijamwona akikikosa. Kiganja kinaporidhika anamimina unga wa kimea, anakoroga kwa mwiko mrefu, na ule uji mzito uliokuwa ukisimamisha mwiko unalegea mbele ya macho yako, unakuwa maji matamu. Nimeliona tendo hilo tangu utotoni na bado nalisogelea kila linapofanyika.

Baada ya hapo ni kungoja. Mchanganyiko unaingia kwenye pipa, unafunikwa, na chachu za hewani na za pipa lenyewe zinaanza kula sukari. Mama hafunui ovyo. Anaweka sikio ubavuni. Pipa linalochemka kwa chachu linatoa sauti kama mvua ya mbali juu ya mabati. Sauti ikififia, wakati umewadia. Akipika mapema, sukari inatupwa pamoja na machicha. Akichelewa, anapika siki.

Hapa ndipo mtu wa Jamaika angecheka kidogo. Katika kiwanda cha Hampden, wilaya ya Trelawny, hawaogopi kuchelewa. Wanaacha molasi ichachuke kwa siku nyingi, wakati mwingine wiki kadhaa, tena wanaongezea machicha ya mapishi yaliyopita na tope la shimoni ambalo mgeni akilinusa hurudi nyuma. Bakteria wa tope hilo hutengeneza asidi, asidi zikikutana na pombe huzaa esta, na esta ndizo zinazonukia ndizi mbivu, nanasi na embe lililoanguka. Anayeonja rumu ya Hampden na kudhani ametiliwa matunda amedanganywa na uozo uliosimamiwa vizuri. Harufu ileile ya ndizi, kwa uchache zaidi, hutokea katika lutuku iliyochachukia pipani wakati wa joto. Hakuna aliyetia ndizi Punia wala Trelawny.

Mapishi yenyewe hufanywa alfajiri. Pipa linawekwa juu ya mafiga, kifuniko kinabanwa, na mahali bomba la shaba linapoungana na pipa panazibwa kwa donge la unga wa muhogo mbichi, ambalo likipata joto hukauka na kushika barabara. Bomba linapita ndani ya mtumbwi mkuukuu uliojazwa maji, na kijana mmoja ana kazi ya kuyabadilisha yakianza kuwa vuguvugu. Mtambo ni huo tu. Pombe huchemka kwenye nyuzi 78, maji kwenye 100, na riziki ya mama iko katikati ya namba hizo mbili ambazo hajawahi kuzihitaji. Anachotazama ni kuni. Hatumii mti unaowaka kwa pupa. Anasukuma gogo ndani kidogo, anasikiliza, analivuta nje. Moto ukizidi, uji wa chini unaungua na pipa "linatapika": machicha yanapanda hadi kwenye bomba na kutoka upande wa pili yakiwa meusi. Mpishi ambaye pipa lake limetapika hujulikana kijiji kizima kabla ya saa tatu.

Kisha tone la kwanza. Wageni hulikimbilia, maana ndilo kali zaidi, na hapo mama hunyoosha mkono.

"Hiyo si ya kunywa, papa. Ni ya kuwashia moto."

Kikombe hicho cha kwanza kinanuka gundi, na atakayekinusa hataomba maelezo zaidi. Mama anakitia kwenye kichupa chake kidogo na kukiweka kando. Kila mpika pombe kali duniani mwenye akili hufanya hivyo. Katika mitambo ya Karibi nayo, kichwa na mkia wa mapishi hutengwa, na katikati peke yake ndiko kunakoingia kwenye pipa la kukomaza. Tofauti ni kwamba kule kuna mashine na maabara, hapa kuna pua. Mpishi mchoyo hakitengi kikombe cha kwanza. Anakichanganya na vingine ili bidoni ijae, na ndiye huyo anayewaumiza watu vichwa na kuipaka lutuku nzima jina baya.

Katikati ya mapishi anachukua chupa, anaijaza nusu, anaitikisa. Shanga za povu zinakusanyika juu. Kwa ukubwa wa shanga hizo na muda zinaokaa, anajua kama pombe bado ina nguvu au maji yameanza kuingia. Wapo wanaopendelea kiberiti, wakimwaga kidogo kwenye kijiko na kutafuta mwali wa buluu. Zamani wanamaji wa Uingereza waliipima rumu yao kwa kuilowesha baruti: ikiwaka, hawakupunjwa. Michezo hiyo yote hupima nguvu, haipimi usalama. Methanoli nayo huwaka. Nairobi, mwezi wa Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe ya bei rahisi iliyotiwa methanoli, na mwali usingewasaidia. Nafaka na mihogo zikipikwa kwa uaminifu hazizai methanoli ya kuua. Balaa hilo huletwa na mfanyabiashara anayeongezea kemikali baada ya mpishi kumaliza kazi yake.

Matone yakianza kunuka gunzi lililochemshwa, mama anaondoa chupa. Ule mkia anautia kwenye pipa la mapishi yajayo.

Sasa kuonja. Wazee wa Punia huitupa kooni mara moja, wanakunja uso, wanatema mate pembeni na kusema ni nzuri. Katika hilo sikubaliani nao, na nimewaambia. Mtu aliyelinda kimea kila asubuhi na kuulea moto tangu alfajiri anastahili zaidi ya kukunjiwa uso. Lutuku inywewe kama inavyonywewa rumu ya miaka 12: kidogo sana, taratibu, na pua kwanza. Usiiingize pua ndani ya glasi, maana mvuke utaichoma na hutanusa tena kitu chochote. Iweke glasi chini ya kidevu, fungua mdomo kidogo, vuta pumzi kwa vyote viwili. Au fanya kama wachuuzi wa bidoni wafanyavyo, na ambavyo hata wanunuzi wa rumu hufanya: mwaga matone kiganjani, sugua viganja, acha pombe iruke, kisha nusa mikono. Kinachobaki hapo ndicho kilichopikwa. Pombe iliyochanganywa maji na kemikali huacha mikono isiyonukia chochote, au inayonukia duka la dawa.

Kwenye lutuku ya mama huyu utakuta kwanza mahindi ya kuchoma, yale ya pembezoni mwa gunzi yaliyoungua kidogo. Halafu muhogo uliolowekwa, harufu ambayo mtoto yeyote wa Maniema anaijua kutoka kijitoni. Ndizi inapita haraka. Ulimini moto unatangulia, hilo haliepukiki kwa kinywaji ambacho mara nyingi hupita asilimia 40, lakini mahali pa kuutazama ni pale moto unapopungua: kwake unaacha utamu mwembamba wa nafaka, kisha uchungu kidogo, kisha ule moshi wa uchanja. Ongeza kijiko cha maji na uonje tena. Moto unalegea, mahindi yanasogea mbele. Wazee wanaona kutia maji ni kuharibu. Waache.

Rumu ya Jamaika ya miaka 12 niliionjea Kampala, nyumbani kwa mtu aliyeletewa zawadi. Ganda la chungwa, sukari iliyoungua, vanila, tumbaku, na nyuma yake ndizi yetu ileile. Ni kinywaji kizuri kuliko lutuku. Sitajifanya sikuliona hilo. Swali ni uzuri huo umetoka wapi. Sehemu kubwa imetoka kwenye mti. Sheria ya Marekani inataka wiski ya bourbon ikomazwe kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani, kwa hiyo mapipa yaliyotumika mara moja huuzwa, na mengi huishia Karibi. Mwaloni uliochomwa hutoa vanila na rangi; hewa inayopenya kwenye mbao hulainisha makali. Na katika joto la kule, kiasi cha asilimia 6 hivi ya kilichomo pipani huruka angani kila mwaka, mara tatu ya kinachopotea Scotland. Piga hesabu: pipa la lita 200 baada ya miaka 12 linabaki na lita kama 95. Zaidi ya nusu imekwenda, na mwenye pipa amekaa anatazama.

Nani Punia anaweza kutazama hivyo? Lutuku iliyopikwa alfajiri imekwisha jioni, kwa sababu minervali haingoji na chumvi imekwisha ndani. Umri wa kinywaji ni mtaji uliolala. Anayelipa bei ya rumu kuukuu analipa ustadi, ni kweli, lakini analipa zaidi uwezo wa mtu mwingine wa kukaa miaka 12 bila kuihitaji ile pesa. Ukiutoa huo muda, ukayaweka maji meupe ya Jamaika na maji meupe ya Punia yakiwa yametoka bombani siku ileile, unabaki na mikono miwili ya kulinganisha. Hapo mama wetu hana haja ya kuinama. Na asidhani kwamba kazi hii huko ni ya wanaume: aliyepewa kusimamia uchanganyaji wa rumu zote za Appleton mwaka 1997 ni Joy Spence, mkemia, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho katika kampuni kubwa ya pombe kali.

Watu hunitajia msitu. Mbona mbao tunazo, kwa nini tusichonge mapipa? Brazili hukomaza cachaça yao katika miti yao ya asili, amburana ukiwa mmojawapo, na haikuwadhuru. Lijaribiwe, lakini kwa uangalifu, kwa maana kuna miti kwetu ambayo vumbi lake tu linamwasha seremala pua na macho, na sina hamu ya kuwa wa kwanza kunywa kilicholala ndani yake.

Mfano unaonigusa zaidi unatoka Haiti, ambako damu ya Kongo ilifika kwa wingi katika karne ya 18. Huko wana rumu ya Barbancourt, ya tangu 1862, inayokomazwa na kuuzwa nje. Na vijijini wana clairin: juisi ya miwa, chachu za hewani, mtambo mdogo, moto wa kuni, haikomazwi, inauzwa kwa vidumu. Ni ndugu wa lutuku kabisa. Kwa miaka mingi ilionekana kinywaji cha maskini. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Luca Gargano, mfanyabiashara Mwitalia wa kampuni ya Velier, akaenda akaionja kwa utulivu kijiji kwa kijiji, kisha akaitia kwenye chupa bila kuibadilisha na kuandika juu yake jina la aliyeipika: Sajous, Vaval, Casimir. Wanywaji wa Ulaya wakaanza kubishana ni mkono wa nani uliozidi. Kilichobadilika ni karatasi ya chupani, basi.

Kwetu sheria ilianza zamani kumficha mpishi. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliweka mipaka ya pombe kali katika Afrika yote kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini, na Punia iko katikati ya ukanda huo. Wabelgiji waliendeleza katazo kwa Mwafrika. Majirani zetu kila mmoja alishika njia yake: Uganda mwaka 1965 ilitaka wapishi wa vijijini wawe na leseni na kukiuzia kiwanda, ndiko ilikotoka Uganda Waragi, Tanzania ikaharamisha gongo, Kenya mwaka 2010 ikahalalisha chang'aa kwa masharti. Kwetu Kongo, lutuku ni haramu kwenye karatasi, na askari anayekuja kuikamata huja na kichupa. Fundi aliyefichwa hawezi kukaguliwa, na asiyeweza kukaguliwa hapati sifa akipika vizuri wala aibu akipika vibaya. Naomba wakubwa wa Kindu waanze na hilo tu: wamwache aandike jina lake kwenye bidoni.

Kwa atakayefika Punia kabla ya hapo: nenda asubuhi, umkute mpishi mwenyewe. Uliza kikombe cha kwanza kimewekwa wapi. Kama kipo kando, kaa. Sugua viganja, nusa, onja kidogo, tia maji, na lipa bila kushindana bei. Lutuku ya sokoni ambayo hakuna anayekubali kukutajia aliyeipika, usiinunue.